Jinsi ya kukatizana maneno kwenye igizo (kwa vikundi vya huku kusini)

Maigizo mengi ya vikundi vyetu Lindi na Mtwara yanachosha kwa sababu moja, kila mtu anamsubiri mwenzie amalize, avute pumzi, ndo ajibu. Nani anaongea hivyo? Nenda mkutano wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) msimu wa korosho uone watu wanavyodakizana.

Kabla hujaandika jiulize huyu anakatiza kwa nini, ana haraka, anaogopa, ana dharau au anaficha kitu. Mfano:

MKE: Hela ya korosho si imeshaingia tangu ju—
MUME: Mgeni kanywa chai huyu?

Hujaandika popote kwamba jamaa kaila hela ila watu wote washajua. Na ona "imeshaingia" imetoka kabla hajakatwa, ukikata mapema mno hakuna atakayejua kinachofichwa ni nini.

Kwenye skripti weka kistari kirefu mtu akikatwa, nukta tatu akinyamaza mwenyewe. Caryl Churchill, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, yeye anaweka alama ya mkwaju (/) katikati ya sentensi, pale mwenzie anapoanza kuongea na huyu bado anaendelea.

Sasa steji. Anayekatwa aijue sentensi yake mpaka mwisho na aiseme kama anaimaliza kweli, maana tatizo letu kubwa ni mtu kujikata mwenyewe, akifika "ju" anasimama kumsubiri mwenzie kama gari imezima mlimani. Anayekatiza nae asingoje hiyo "ju", kilichomchoma ni "hela ya korosho" kwahiyo roho imruke pale pale, mdomo ufuate.

Halafu angalia nani anamkata nani, hapa ndo pana utamu wote. Kijana hamdakii mzee hivihivi, ataanza na "samahani mzee, nikukate kauli kidogo", ukiiondoa hiyo samahani ushaonyesha ugomvi. Na kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao kwa asili ukoo unafuata kwa mama, mjomba akimkatiza baba mzazi kwenye kikao cha posa na baba akanyamaza, huhitaji kueleza nani mwenye sauti. Mtani nae yuko huru, anaweza kumvuruga msemaji hata msibani na hakuna wa kununa, sijui kwanini hatumtumii. Ila zile "enhe" na "ehee" za msikilizaji usizihesabu, anasindikiza tu.

Unaweza pia kulikatiza igizo zima. Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia Mjerumani, alikuwa anaisimamisha hadithi kwa wimbo au bango ili mtazamaji asizame akaacha kufikiri. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, akaenda mbali zaidi, mtazamaji anapiga kelele "simama!" anapanda mwenyewe anachukua nafasi ya mhusika ajaribu njia yake. Kama mnaigiza kijijini kuhusu kangomba (ile biashara ya kununua korosho za mkulima kinyemela kwa bei ya kutupa), hii ya Boal ndo yenyewe, ila waruhusuni kusimamisha pale mkulima anapotaka kupokea hela, akishauza mnakuwa mmechelewa.

Na mkiwa uwanjani adhana ikaanza katikati, msishindane nayo. Gandeni mlivyo, ikiisha rudini laini mbili nyuma muendelee, maana mkianzia pale pale mlipoachia watu wanakuwa washapoteza nani alikuwa anamkatiza nani.