Namna ya kusikiliza La Calisto ya Cavalli

Hii ni opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Anza na hadithi, dakika tano tu: Jove, mfalme wa miungu, anajigeuza Diana, mungu wa kike wa uwindaji, ili amlaghai Calisto, msichana mfuasi wa Diana; Juno, mke wa Jove, anamgeuza binti huyo dubu, mwisho anapandishwa nyotani kuwa Dubu Mkubwa. (Kundi hilo la nyota huonekana Dodoma jioni za Aprili na Mei, chini kidogo upande wa kaskazini.)

Rekodi ni ile iliyoongozwa na Raymond Leppard ya mwaka 1971. Usitumie spika ya simu: inameza besi, na opera ya Venice ya 1651 inasimama juu ya besi. Vaa visikilizi vya masikioni, usiku upepo ukitulia.

Usianze mwanzo. Tafuta kwanza "Lucidissima face", James Bowman akiimba kama Endimione, mchungaji anayempenda Diana. Rudia mara tatu: sauti peke yake, besi peke yake, kisha zote. Aliyezoea zeze la Wagogo likishindana na mwimbaji hatapata shida hapa.

Kazi ngumu ni Janet Baker. Anaimba Diana wa kweli na pia Jove aliyejifanya Diana, kwa hiyo bila tafsiri ya maneno mkononi utachanganyikiwa. Wengi hukwama pia kwenye sehemu za kusema-kuimba wakizidhani ni kijazio. Humo ndimo hadithi inamotembea.

Ujue pia kwamba Leppard alikata vipande na kunenepesha vinanda vya nyuzi. Cavalli alikuwa na wapigaji wachache mno. Utamu ni mwingi, ila si sauti ya 1651.