Kumpima kwa Takwimu Mpigaji wa Kriketi Anayeipa Timu Yake Ushindi

Vijana wa Dodoma wanaofuatilia kriketi kwa simu hubishana sana kuhusu wastani, ilhali wastani hausemi nani huleta ushindi. Hupatikana kwa kugawanya mikimbio yote (yaani alama) ya mpigaji kwa mara alizotolewa: Donald Bradman wa Australia alipata mikimbio 6,996 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku hadi tano, akatolewa mara 70, na ndiyo asili ya ile 99.94 maarufu. Tatizo ni kwamba mikimbio iliyopatikana mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa huhesabiwa sawa na ile iliyoiokoa timu, kama vile bao la nne la timu inayoongoza tatu bila linavyoingia katika hesabu ya mfungaji bora.

Anza basi na jedwali, liwe la daftari au la kompyuta. Kila zamu ya mpigaji, yaani kila mara anapoingia kupiga, ipate mstari wake, nao uonyeshe mikimbio yake, kama alitolewa au alibaki, jumla ya timu, wiketi zilizokuwa zimeanguka alipoingia (yaani wenzake waliokwisha kutolewa), kama timu ilipiga kwanza au ilikuwa ikifukuzia jumla ya wapinzani, na matokeo ya mechi.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kuhesabu senchuri, yaani zamu za mikimbio 100 au zaidi, zilizopatikana katika ushindi. Kikiachwa peke yake, hicho ni kipimo kibovu. Ricky Ponting alipiga senchuri 41 za Test, na katika 30 kati ya hizo Australia ilishinda. Brian Lara alipiga 34, na West Indies ilishinda katika 8 tu. Lakini ili kushinda Test, kwa kawaida ni lazima wapinzani watolewe mara 20, na kwa miaka mingi Ponting alifanyiwa kazi hiyo na warushaji wenzake, Shane Warne na Glenn McGrath. Mwaka 1999, mjini Chennai, Sachin Tendulkar alipiga 136 India ikifukuzia 271 dhidi ya Pakistani. Alipotolewa ilibaki mikimbio 17, wenzake wakaanguka upesi, na India ikashindwa kwa mikimbio 12. Kwa hesabu ya senchuri za ushindi, kazi ile ni sifuri, jambo ambalo mimi silikubali.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni sehemu ya mpigaji katika jumla ya timu. Mwaka huohuo wa 1999, mjini Bridgetown, West Indies ilihitaji mikimbio 308 dhidi ya Australia na tayari ilikuwa imepoteza wiketi tano kwa 105. Lara alibaki na 153 katika jumla ya 311, yaani asilimia 49, na timu ikashinda ikiwa imebakiwa na wiketi moja. Kusal Perera alifanya yaleyale mjini Durban mwaka 2019, akapata 153 kati ya 304 za Sri Lanka. Ben Stokes wa England, katika uwanja wa Headingley mwaka huohuo, alipata 135 kati ya 362, asilimia 37 tu. Hata hivyo ushirikiano wa wiketi ya mwisho ulileta mikimbio 76, na Jack Leach alichangia mmoja. Ndiyo maana safu ya wiketi zilizoanguka haiachwi. Kumbuka pia kwamba timu dhaifu huikuza sehemu ya mpigaji wake bora, kwa hiyo linganisha wastani wake na wa wenzake katika mechi zilezile, kisha utazame wastani wenyewe.

Zamu za kufukuzia zitenge. Michael Bevan wa Australia alikuwa na wastani wa 53.58 katika mechi za siku moja, lakini katika zamu 196 hakutolewa mara 67. Ukigawanya mikimbio yake 6,912 kwa zamu zote, unapata 35. Wapo wanaouita huo wastani wa bure. Sivyo, ikiwa alibaki hadi lengo likafikiwa; ikiwa alibaki kwa sababu ova (seti za mipira sita) zimekwisha, hilo ni jambo jingine.

Kwa mechi za vijana hapa Dodoma, ongeza safu ya mwezi, kwa kuwa kiwanja kikavu cha Septemba si kile cha Februari baada ya mvua. Zamu nazo huwa chache, hivyo tumia namba ya katikati. Tuseme kijana ametolewa kwa 0, 4, 7, 9, 11, 14 na 96: wastani wake ni 20, ilhali namba ya katikati ni 9. Kabla ya kumpanga kwa sababu ya ile 20, fungua mstari wa 96 na uangalie wiketi ngapi zilikuwa zimeanguka alipoingia.