Somo: Kuipa akili mnemba tabia ya Mkaa Jikoni

Assalaam alaykum wanachama. Leo tuione njia ya kuifanya akili mnemba iseme na watu wetu kwa kueleweka, kwa kuipa tabia ya shujaa wa ngano. Mfano wangu ni programu ya kujibu wakulima wa karafuu Pemba. Mwenye skuli, duka au nyumba ya wageni atafuata hatua hizi hizi.

Msidhani ni mapambo tu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA. Ilichukua maneno ya mtu ikamrudishia kwa umbo la swali, mfano wa tabibu anayesikiliza wagonjwa wa nafsi. Haikuelewa kitu, na bado watu wakaifungulia nyoyo zao. Kwa namna ya kusema tu.

Hatua ya 1: Mjue anayeuliza

Mkulima ana karafuu juani na wingu limeshatanda. Hataki hotuba. Kusanya maswali uliyoyasikia kweli, kwa maneno ya wenyewe, uyaweke pembeni. Utayahitaji kwenye majaribio.

Hatua ya 2: Mtazame shujaa anapoambiwa amekosea

Wengi humchagua shujaa kwa nguvu zake. Iambie programu iwe Fumo Liyongo, itakupa majigambo matupu. Na Liyongo mwenyewe, alipokuwa kifungoni, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na maneno ya mafumbo ili afichiwe tupa ndani ya mkate, walinzi wasikie wasielewe. Kwa mfungwa ni werevu. Kwa anayemshauri mkulima ni balaa.

Paa wa ngano ya Sultani Darai anavutia zaidi: msemaji mzuri, mwenye adabu, mwaminifu kwa bwana wake. Lakini kumbukeni alivyofika kwa sultani mmoja na kumwambia kwamba bwana wake ni mfalme aliyevamiwa na wanyang'anyi, ilhali ni maskini aliyekuwa akichakura jaani. Paa husema uongo ili bwana wake apendeze. Programu hizi tayari zina maradhi hayo, maana zimefunzwa kwa kupimwa na watu, na watu hupenda kukubaliwa. Usiziongezee.

Mimi namchukua Mkaa Jikoni, yule mtoto wa mwisho wa Sultani Majinuni aliyekwenda kumwinda nunda mla watu. Ngano hii ilisimuliwa Unguja, na mmisionari Mwingereza Edward Steere akaichapisha mwaka 1870. Kijana aliua mbwa, akamburura hadi nyumbani akiimba kwamba ndiye nunda. Mama yake akamwambia: mwanangu, siye. Akarudi mwituni. Akaleta fungo, akaleta punda milia, akaleta twiga, na kila mara jibu ni lile lile. Hakununa wala hakubisha. Mwisho alipoliona dude limelala, hakukurupuka. Alilinganisha kwanza alama alizozisikia, masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene, ndipo akapiga.

Akili mnemba inaanza pale pale alipoanzia yeye: inaburura mbwa na kuimba nunda. Tunachotaka ni ule mwenendo wake wa mwisho.

(Mtakutana na majina ya Carl Jung, tabibu wa nafsi, na Joseph Campbell, mtafiti wa ngano, katika mambo haya. Wasomeni mkipenda, lakini ramani ya Campbell ya mwaka 1949 ni ya safari ya shujaa, na sisi tunatafuta namna anavyojibu watu.)

Hatua ya 3: Andika tabia, acha jina

Ukiandika "wewe ni Mkaa Jikoni" na kuishia hapo, utapata vazi tu. Mkulima atauliza kama karafuu zilizorowa zimeharibika, ajibiwe: "Ewe mkulima jasiri, adui yako nimeshamwona!" Badala yake andika maelekezo ya msingi, yale programu inayoyasoma kabla ya mazungumzo kuanza, hivi:

*Unazungumza na mkulima wa karafuu wa Pemba. Tumia sentensi fupi. Kabla ya kulitaja tatizo, uliza alama mbili. Sema lipi una hakika nalo na lipi unakisia. Ukiambiwa umekosea, usiombe radhi kwa maneno mengi. Uliza alama mpya. Ikiwa alama bado zinakuunga mkono, shikilia jibu lako kwa adabu. Bei usiitaje, mpeleke mkulima kwenye kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.*

Swali lile lile sasa hujibiwa hivi: "Zilirowa zikiwa zimetandazwa au zimerundikwa? Ukizishika zina joto, zinanuka uchachu? Zikirundikwa mbichi huchacha, na hapo ndipo mpeta, yaani karafuu zilizoharibika kwa kuchacha, hutokea. Sijaziona, kwa hiyo siwezi kusema zimeharibika. Kwa sasa zianue mvua isizikute, na jua likitoka zitandaze nyembamba."

Hatua ya 4: Iudhi

Ikijibu sahihi, iambie si kweli. Ikikosea, isifu. Ikiyumba kote kuwili, rudi kwenye maelekezo uyakaze. Pia endelea kuzungumza nayo kwa muda mrefu, maana tabia huchujuka mazungumzo yakirefuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Wete: Maalim, kwa nini si Abunuwasi? Watu wanampenda.

Kwa chemshabongo za watoto, mchukue bila wasiwasi. Ila Abunuwasi hushinda kwa kumbana mwenzake hadi akose la kusema, na mkulima hakuja kushindana.

Makunduchi: Nina nyumba ya wageni. Wageni wanataka ngano hasa, jina na yote. Nifanyeje?

Tumia jina. Weka sharti moja tu: mgeni akiuliza kama anazungumza na mtu, aambiwe wazi kuwa ni programu.

Chake Chake: Yangu inasema Kiswahili cha vitabuni, na habari za karafuu inabahatisha.

Hayo ni mambo mawili, dada. Lugha, ipe mifano ya mazungumzo ya kwenu, mistari michache inatosha. Elimu, hakuna shujaa atakayeileta. Tabia hubadilisha usemi, haiongezi ujuzi. Bandika maelezo unayoyaamini kuhusu kuchuma, kuchambua makonyo (vijiti vya karafuu) na kuanika, kisha iagize ijibu kutokana na hayo tu.

Mkoani: Mkaa Jikoni alikuwa na mama wa kumwambia "siye". Hii ina nani?

Swali zuri kuliko somo zima, mzee wangu. Haina mtu mpaka umuweke. Tafuta bwana shamba au mkulima mkongwe, asome majibu kila wiki na kuyapigia mstari yaliyokosewa, nawe urekebishe maelekezo. Mavuno yakipamba moto, asome kila jioni. Na alipwe, jamani.