Ruta inawaka, intaneti hakuna: anza na tabaka la pili

Stesheneri nyingi za hapa Mwanga, Kigoma, zimefungwa hivi: ruta ya mtoa huduma, swichi ya bei nafuu ya poti nane, kompyuta kadhaa. Mtandao ukikatika, simu ya kwanza inapigwa kwa mtoa huduma. Ngoja kwanza. Kompyuta na ruta huongea kwa fremu za itheneti, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye kebo na swichi, na safari ya fremu hizo inaishia humo humo dukani. Hilo ndilo tabaka la pili la mtandao.

Hatua ya 1. Tazama taa ya poti. Imezima? Badilisha kebo, kisha poti. Baada ya radi za masika, poti moja hufa na nyingine zikabaki nzima.

Hatua ya 2. Fungua dirisha la amri la Windows kama msimamizi, uandike:

`arp -d *`
`ping 192.168.1.1`
`arp -a`

(Weka anwani ya ruta yako.) Amri ya kwanza inafuta kumbukumbu ya zamani, maana inaweza kukudanganya. Kisha kompyuta inatangaza kwa wote, kupitia ff-ff-ff-ff-ff-ff: mwenye anwani hii ya IP ni nani? Ruta hujibu kwa anwani yake ya MAC, namba ya kifaa chenyewe, yenye biti 48. Ukiiona kwenye orodha, tabaka la pili linapitisha, hata kama ping imekataa. Ruta nyingine zimezuiwa kujibu ping.

Hatua ya 3. Taa zote zinapepesa kwa kasi na hakuna kompyuta inayofanya kazi? Tafuta kebo ambayo ncha zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ile ile. Aliyefagia asubuhi ameona waya unaning'inia, akausaidia. Paketi ya IP ina kikomo cha idadi ya ruta inazoweza kupita. Fremu ya itheneti haina, hivyo tangazo moja huzunguka bila mwisho. Dawa yake, itifaki ya STP (inayozima njia zinazozunguka) aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, haimo kwenye swichi nyingi za bei hii. Chomoa kebo moja moja mpaka taa zitulie.

Hatua ya 4. Mtandao upo ila unajikokota? Andika `netstat -e`, tazama mstari wa makosa (Errors), rudia baada ya dakika chache. Mwisho wa kila fremu kuna baiti 4 za ukaguzi. Hesabu isipolingana, fremu inatupwa kimya kimya, na TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, ndiyo inayotuma upya. Makosa yakiongezeka, kata kichwa cha kebo (RJ45) ubane kipya, na hakikisha kebo haizidi mita 100.

Yote yakiwa sawa na `ping 8.8.8.8` (seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti) haijibu, sasa mpigie mtoa huduma.