Somo: Kuhama Kisumu au Nakuru kwenda Mfangano, hatua za kuamua kabla hujafunga mizigo

Tuanze kwa kutofautisha visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Homa Bay. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, bodaboda inafika hata usiku, kwa hivyo anayehamia huko amehamia kijijini tu. Remba na Ringiti ni kambi za wavuvi, nyumba za mabati zimebanana. Usipeleke watoto wadogo. Mfangano na Takawiri ndizo za kuvuka kwa boti kutoka Mbita, na somo hili linahusu Mfangano hasa.

Hatua ya 1: Pima njia ya kutoka

Kutoka Kisumu unapita Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, au unapita Ndori hadi Luanda Kotieno na kupanda feri ya Mbita. Wa Nakuru hupitia Kericho na Sondu. Ziwa hutulia asubuhi. Mchana upepo hupanda na mawimbi huanza, basi panga kuvuka mapema. Ukiwa na miadi Kisumu saa mbili asubuhi, ujue utalala bara. Andika nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, kisha zidisha kwa safari unazotarajia mwaka mzima. Mizigo hulipiwa kando.

Jaketi la kuokolea nunua lako mwenyewe. La mtoto liwe la kipimo chake, maana la mtu mzima humpanda hadi kichwani na kumtoka akishaingia majini.

Hatua ya 2: Maji

Hapa ndipo wageni wengi huumia. Kichocho (bilharzia) hakihitaji uyanywe maji: vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni, hupenya ngozi unapooga au kufua. Vikikosa mwili wa kuingia, hufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo maji ya kuoga yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili.

Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji mapipa mawili ya lita 200. Moja linatumika siku mbili huku la pili likitulia, kisha mnabadilishana. Kosa la kawaida ni kuongeza ndoo mbichi kwenye pipa lililokwisha tulia. Siku mbili zinaanza upya. Ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe klorini. Yakiwa na tope, yatulize kwanza kwa shabu na uyachuje, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Dawa ya kichocho ipo kliniki, lakini haikukingi usiambukizwe tena.

Hatua ya 3: Pesa

Uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa Aprili hadi Julai. Wavuvi wa omena wakikaa bila kazi, muuza nguo na mama wa hoteli nao hukosa wateja, na daftari la madeni hujaa. Ukipanga kufungua duka, hesabu mtaji wa kuvuka miezi hiyo. Anayefanya kazi kwa intaneti ajaribu mtandao ndani ya nyumba atakayokodi, mchana na usiku. Kuujaribu sokoni Sena, kituo kikuu cha Mfangano, hakutoshi. Weka pia noti kidogo nyumbani, wakala wa M-Pesa anaweza kukosa pesa taslimu.

Hatua ya 4: Kodi kwanza

Kaa mwezi mzima, Mei ikiwezekana, huku nyumba ya mjini ukiishikilia. Muulize mwenyeji maji yalifika wapi Mei 2020 na Mei 2024, ziwa lilipopanda sana, na usikodi chini ya alama ya juu zaidi. Ukija kununua shamba, fanya upekuzi wa hatimiliki, na ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 ya mkataba. Bila idhini hiyo, mkataba ni karatasi tupu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Lanet:* Mwalimu, nina mtoto wa miezi mitano. Malaria je?

Mama, hili lipe uzito. Nakuru iko juu, mtoto hajazoea malaria ya ziwani. Kila kitanda kiwe na chandarua. Kaunti ya Homa Bay ni kati ya zilizoanza chanjo ya malaria mwaka 2019, basi beba kijitabu cha kliniki na uulize mapema. Joto likipanda, apimwe siku hiyo hiyo. Kabla hujahama, elewana na manahodha wawili watakaokuvusha usiku mtoto akizidiwa, bei na petroli mzungumze sasa.

*Kijana wa Kondele:* Kaka, ninunue boti nianze kuvua?

Subiri, ndugu. Jiandikishe kwanza na BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo, ya ufuo utakaovulia. Boti nayo ina usajili na leseni yake. Mbuta (sangara) chini ya sentimita 50 ni marufuku. Msimu wa kwanza nunua samaki na kuuza, uwajue watu.

*Dada wa Nyalenda:* Kiswahili kitatosha?

Sokoni ndiyo, dada. Mikutano ya ufuo huendeshwa kwa Dholuo, na wazee wa Kisuba wana Olusuba yao. Jifunze Dholuo.

*Baba wa Naivasha:* Nibebe vyombo vyote mara moja?

Hapana, mzee. Safari ya kwanza beba magodoro, vyandarua, mapipa na jiko. Funga magodoro kwa nailoni, vizito viwe chini katikati ya boti. Makochi yangoje mwezi wa majaribio uishe.