Kabla Hujang'oa Koili Iliyoganda: Matayarisho ya Kubadilisha Plagi

Naishi Likoni, na maduka ya spea ninayoyaamini yako mjini, ng'ambo ya feri. Ukivuka kwa miguu hulipi hata shilingi, lakini jaribu kuvuka Jumapili alasiri umeshika koili iliyokatika (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), ufike ukute milango imefungwa, na nyumbani gari umeliacha boneti wazi. Mimi yalinikuta. Koili ya silinda ya tatu ilitoka kichwa kitupu. Mguu wake wa raba ukabaki shimoni pamoja na springi. Jumatatu nilikwenda kazini kwa matatu. Tangu siku ile, kazi ya plagi naianza kwa kuchagua siku: katikati ya wiki, asubuhi, maduka yakiwa wazi.

Koili haigandi kwa bahati mbaya. Hizi za kisasa hukalia plagi moja kwa moja, kila silinda na yake, na raba huikumbatia kauri ya plagi ndani ya kishimo kirefu. Joto la injini huikausha raba hiyo mwaka baada ya mwaka hadi ikashikana na kauri kama ukoko na sufuria. Hapa pwani hewa ya chumvi nayo huongeza yake, bolti zikala kutu. Na vijana wa kuosha magari, ukiwaachia wapige injini kwa maji ya presha, maji huteremka kishimoni yakatuama humo. Huoni kitu mpaka gari lianze kumisi, yaani silinda moja ikose kuwaka.

Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, chungulia. Legeza koili moja, ile iliyo rahisi kufikika, uutazame mguu wake. Ukiwa na kutu, maji yaliingia. Ukiwa umelowa oili, plagi mpya peke yake hazitakufaa: sili za vishimo vya plagi kwenye tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, zimechoka, na oili huivimbisha raba ikazidi kubana. Hapo ongeza sili na gasketi ya tapeti kava kwenye orodha, uvuke feri mara moja tu. Mimi hununua pia koili moja ya akiba, au raba tu, kama ya gari lako huuzwa bila koili.

Vifaa si vingi. Toyota Probox na Fielder zenye injini ya 1NZ-FE, ambazo zimejaa mji huu, bolti za koili ni za spana namba 10 na plagi ni za soketi namba 16. Soketi iwe ile ya plagi yenyewe, yenye raba au sumaku ndani, na ekstensheni ya kufika chini. Weka karibu koleo la mdomo mrefu, tochi, na silikoni ya kupuliza. Mafuta ya kulegeza kutu yaweke mbali na raba, maana yanaiharibu. Upepo wa kusafisha vishimo, mwombe jirani anayeziba pancha. Mwambie tu amwage kwanza maji yaliyomo kwenye tangi la kompresa.

Jambo linalowachanganya wengi ni joto. Raba hulegea injini ikiwa vuguvugu, lakini plagi hutakiwi kuifungua kwenye hedi (kichwa cha injini) ya alumini yenye moto, thredi zitaharibika. Mambo hayo mawili hayapingani ukiyapangia muda. Washa injini dakika chache, zima, toa waya wa hasi wa betri, kisha shughulika na koili wakati huo wa uvuguvugu. Zikishatoka, nenda kanywe chai. Plagi zisubiri mpaka injini ipoe kabisa.

Kwenye koili yenyewe, klipu ya waya ndiyo ya kwanza kuvunjika, kwa sababu plastiki yake imekauka. Isukume ndani kidogo kwanza, ndipo ubonyeze ulimi wake na kuivuta. Usiivute kwa waya. Bolti ikishatoka, usivute juu bado. Shika kichwa cha koili, kizungushe kushoto na kulia, kidogo kidogo, mpaka usikie raba inaachia chini kwa mlio mdogo wa kubanduka. Ikikataa, puliza silikoni kuzunguka shingo, subiri, rudia. Bisibisi la kubetulia liache kwenye sanduku. Tapeti kava nyingi siku hizi ni za plastiki, na ufa wake utakugharimu kuliko koili yenyewe.

Na ikikatika licha ya hayo yote, toa vipande vyote kwa koleo, hakikisha springi imetoka nzima, halafu piga upepo kishimoni ndipo uiguse plagi. Kipande cha raba au chembe ya kutu ikiangukia ndani ya silinda, utaifungua injini.

Siku ya kurudisha, plagi mpya ianze kuingia kwa vidole. Ile ya thredi ya milimita 14 yenye washa mpya (ile pete ya chuma shingoni), ikishagota kwa mkono, ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Mdomo wa ndani wa raba upake grisi ya silikoni kidogo sana, ili safari nyingine isigande. Kitubu kidogo kinatosha. Changu nilikinunua Jumatatu ile ile na bado kina zaidi ya nusu.