Jeshi Likisharudi Kambini: Namna ya Kushughulikia Yaliyotendeka

Serikali ya kiraia ikishaapishwa, watu hudai kesi, na wana haki. Lakini kazi ya kwanza ni karatasi. Majenerali wa Argentina, walioitwaa nchi Machi 1976, walitumia miezi yao ya mwisho mwaka 1983 kujipitishia msamaha na kuamuru nyaraka za waliokamatwa ziteketezwe. Bunge jipya liliufuta ule msamaha Desemba hiyohiyo. Nyaraka hazikurudi.

Kwa hiyo siku ileile ya kuapishwa toeni amri kwamba hakuna kitakachotoka masjala. Tieni milango lakiri, na walinzi wasitoke kikosi kilekile. Msihangaike na mafaili ya siri peke yake. Hayo ndiyo huchomwa kwanza. Chukueni daftari la lindo, daftari la magari getini, hati za mafuta, hesabu za jikoni. Kambi yenye askari 40 ikiwa inapika chakula cha watu 90, hao 50 ni akina nani? Lori lililotoka saa nane za usiku likarudi alfajiri lina dereva wake, lina kilomita zake, na kilomita zinawapa mpaka wa eneo la kutafuta kaburi.

Tume ya ukweli, yaani ya kuchunguza yaliyotendeka, ipewe miezi, si miaka. Ya Argentina ilifanya kazi chini ya mwaka mmoja na Septemba 1984 ikakabidhi taarifa yenye watu 8,961 waliotoweka na vituo vya siri vya kuzuilia watu takriban 340. Wahoji wawe wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Wengi walionusurika walizibwa macho, basi waulizeni walichosikia na kukanyaga: ngazi ilikuwa na vidato vingapi, treni ilipita wapi, sakafu ilikuwa ya nini. Kisha nendeni nao kwenye jengo. Katika chuo cha ufundi cha Jeshi la Majini, Buenos Aires, kimojawapo cha vituo hivyo, wanajeshi waliondoa ngazi na lifti kabla ya wakaguzi wa haki za binadamu kufika mwaka 1979, ili maelezo ya mateka yaonekane ya uongo. Alama zake zilibaki.

Makaburini ndipo haraka inapoharibu zaidi. Mwanzoni mwa 1984 huko Argentina makaburi yalifukuliwa kwa katapila. Mifupa ikavunjika na kuchanganyika, meno na risasi zikapotelea kwenye udongo. Ndipo alipoitwa Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, akawafundisha vijana wa pale. Kwaruzeni udongo kwa mwiko, tabaka kwa tabaka. Pigeni picha kabla ya kuinua chochote, huku rula ikionekana. Mwili mmoja, namba moja, sanduku moja. Udongo wote upite kwenye chekecheke. Damu za ndugu, za kulinganisha na mifupa, zikusanywe mapema, kwa sababu wazazi wanazeeka na kufa.

Sasa kesi. Anzeni na waliotoa amri, na mahakama iwe ya kiraia: mwaka 1984 baraza la kijeshi la Argentina liliona amri zile hazina kasoro, mahakama ya kiraia ikaichukua kesi. Waendesha mashtaka walichagua matukio 709 yanayoonyesha mpango mmoja nchi nzima, na Desemba 1985 makamanda watano kati ya tisa wakapatikana na hatia. Msamaha ukishinikizwa, pambaneni angalau wizi wa watoto wa waliokamatwa ubaki nje yake. Sheria za Argentina za 1986 na 1987, zilizozuia kesi nyingine, ziliuacha nje, na kwa mlango huo Jorge Videla, mkuu wa majenerali wale wa 1976, alikamatwa tena mwaka 1998. Brazili haikuacha mwanya kama huo: msamaha wa 1979 bado unawakinga waliotajwa kuwa wahusika na tume yake ya ukweli mwaka 2014, watu 377.

Jeshi lenyewe lisiachiwe kuchagua mashujaa wake. Ujerumani ina waraka wa mila za jeshi, uliotolewa 1965 na kuandikwa upya 1982 na 2018, unaokataza jeshi la zama za Hitler kuwa kielelezo. Andikeni wa kwenu, kisha pitieni majina ya kambi, mabweni na picha za mesini.

Na yale majengo msiyapake rangi. Kile chuo cha Buenos Aires sasa ni makumbusho, lakini kuta zake bado ni ushahidi mahakamani, hivyo mabango yamesimamishwa kwa miguu yake yenyewe bila kupigiliwa msumari ukutani.